Chuma cha Barghash: kisa cha Beit al-Ajaib, jumba lililogeuzwa makumbusho

Tarehe 25 Desemba 2020, upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Ukarabati ulikuwa ukiendelea na mafundi walikuwa kazini. Wawili walifariki. Kwa watu wa Unguja na kwa kila aliyewahi kuingia bandarini akitokea Dar es Salaam, sura ya mji ikapungua siku moja: ule mnara mweupe unaoonekana kabla ya kitu kingine chochote, ambao manahodha na abiria wa boti waliuzoea kama uso wa mtu wa nyumbani, haukuwapo tena.

Tangu siku hiyo kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kama msiba wa kasri la Sultani. Naona simulizi hiyo imeanzia pasipo pake. Jumba lililoanguka lilikuwa limeacha kuwa la Sultani zaidi ya miaka mia moja nyuma. Kazi yake ya mwisho ilikuwa makumbusho: Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Zanzibar na Pwani ya Waswahili. Kwa hiyo ninalichambua kama kisa cha makumbusho, yaani kisa cha jengo kongwe la umma lililokabidhiwa kumbukumbu za pwani nzima. Nataka kuonyesha kwamba kile kilicholifanya jumba hili lifae kuliko majengo yote ya Mji Mkongwe kuwa makumbusho ndicho hicho hicho kilichokuwa kikiliumiza. Kitu chenyewe ni chuma.

Nyumba iliyoshinda boriti

Anayetaka kuielewa Beit al-Ajaib aanze na boriti ya mkoko. Nyumba za mawe za pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, zilijengwa kwa kipimo cha mti huo. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, juu yake hulazwa boriti moja baada ya nyingine, na juu ya boriti hupigwa sakafu ya mawe na chokaa. Boriti imara ya mkoko haizidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba: urefu utauchagua mwenyewe, lakini upana umekwisha kupangwa na mti. Hata nyumba za matajiri wa Shangani na Forodhani hazikuepuka sheria hiyo. Tajiri aliongeza vyumba na ghorofa na akanunua mlango wa kuchongwa, ila hakuweza kukipanua chumba.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa ameyaona majengo mengine. Kabla ya kutawala alipelekwa uhamishoni Bombay kwa kugombania ufalme, na mwaka 1875 alikwenda Uingereza kwa mwaliko wa serikali ya huko. Watu wa mjini wanamkumbuka hasa kwa maji, maana ndiye aliyeyaleta kwa mabomba kutoka Chemchem. Mtu aliyeleta mabomba hakushindwa kuleta nguzo. Jumba lake la 1883 lilisimamishwa kwa nguzo za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, zilizobeba roshani pana pande zote, na sakafu zake zikabebwa na mihimili ya chuma pamoja na zege. Michoro yake inanasibishwa na mhandisi wa Kiingereza wa mambo ya bahari, na ukilitazama jumba unaamini: roshani zile ndefu zilizopangana juu kwa juu zina kitu cha meli ndani yake.

Kila anayetembeza wageni husimulia umeme na lifti. Hili ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na lifti yake inatajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Jina la Nyumba ya Maajabu huelezwa kwa mambo hayo mawili. Sibishi. Ila mwenyeji wa 1883 aliyeingia mle akitoka katika chumba chake cha boriti nadhani alistaajabishwa kwanza na upana. Alisimama katikati ya ukumbi ambao hakuna mti wa pwani ungeweza kuuvuka. Alitazama juu akaona ua wa ndani uliofunikwa, umezungukwa na roshani kila ghorofa, na dari iko mbali. Ajabu yenyewe ilikuwa nafasi, na nafasi ile ilinunuliwa kwa chuma.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba jumba hili halikujengwa liwe nyumba ya kulala. Lilikuwa la hadhara: mapokezi, sherehe, wageni wa nchi. Maisha ya jamaa wa Sultani yalikuwa Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, na madaraja yaliyofunikwa yaliunganisha majumba haya kupita juu ya njia ili wanawake wa kasri waende na kurudi bila kuonekana. Uwanja lilipojengwa nao ulikuwa wa utawala tangu zamani, kwani hapo palikuwa na kasri la Malkia Fatuma wa karne ya 17. Kwa hiyo tunaposema jengo la serikali liligeuzwa makumbusho ya watu, hatuzungumzii nyumba ya siri iliyofunguliwa. Tangu mwanzo lilikuwa nyumba ya kuonyesha. Kilichobadilika ni nani anaonyeshwa, na nini.

Asubuhi ya 1896

Siwezi kuupita mwaka 1896, kwa sababu ndio uliolipa jumba sura tunayoililia. Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash aliingia kasri na kujitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27, baada ya saa tatu asubuhi, manowari zao zilifungua mizinga. Vita vile havikufika saa moja, na walioumia na kufa upande wa kasri wanakadiriwa kufika 500. Beit al-Hukm liliharibiwa kabisa. Mnara wa taa uliokuwa ukisimama peke yake mbele ya majumba haya nao uliharibiwa usifae tena. Beit al-Ajaib lilibaki limesimama na majeraha madogo.

Mwaka uliofuata, katika matengenezo, mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Barghash alikuwa amekwisha kufa miaka tisa nyuma, hakuuona. Mnara tuliouzoea katika kadi na picha za harusi ni kiraka cha baada ya vita, kilichopandishwa juu ya jengo ambalo halikuchorwa kwa ajili yake. Simaanishi kwamba kiraka ni kibaya. Namaanisha kwamba uso wa mbele ulipewa mzigo mpya mrefu mwaka 1897, na ni uso huo wa mbele ulioporomoka 2020. Mambo hayo mawili mchambuzi anapaswa kuyaweka mezani pamoja.

Mpangaji baada ya mpangaji

Mwaka 1911 jumba likawa ofisi za serikali ya Kiingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilibaki mikononi mwa serikali, na kwa wakati mmoja sehemu yake ikatumika kama makumbusho ya chama. Sitakaa sana hapa. Ninachotaka msomaji akione ni tabia ya kila mpangaji, kwani jengo hubeba tabia hizo mwilini.

Sultani alilitumia jumba kwa vipindi: leo limejaa watu na marashi, kesho kimya. Ofisi hulijaza kila siku, hupenda kugawa vyumba, na hupanga makabati ya mafaili ukutani ambako hakuna anayekumbuka kutazama nyuma yake. Karani anayeona doa la maji darini huhamisha meza. Hafanyi hivyo kwa uzembe. Dari si kazi yake, na yeye ataondoka, atakuja karani mwingine, naye atalikuta doa akadhani ndiyo rangi. Katika miaka mingi ya ofisi jengo lolote kongwe hukusanya matengenezo ya namna hii, ya kuhamisha meza.

Hapo karibu kuna mfano wa jengo lililostahimili wapangaji wa kila aina. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, imewahi kuwa jela, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa karakana ya reli ya Bububu. Leo panafanyika maonyesho na tamasha. Imevumilia yote, kwa sababu ni kuta nene zinazozunguka uwanja wazi. Hakuna sakafu pana zilizoning'inia, hakuna chuma kinachobeba watu juu ya vichwa vya watu. Kwa ngome mpangaji mzembe ni usumbufu tu, lakini kwa Beit al-Ajaib, umbali wa hatua chache, mpangaji mzembe ni hatari. Kuyatazama majengo haya mawili kwa jicho moja, kwa kuwa yote ni "makongwe" na yote yako Forodhani, ni kosa ambalo nimelisikia kwenye mazungumzo mengi.

Mtepe ndani ya kasri

Mkusanyiko wa vitu vya Zanzibar ulikuwa na nyumba yake ya kwanza, nayo ni nzuri: Beit al-Amani, jengo la kuba lililochorwa na John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925, karibu na Mnazi Mmoja. Lakini ni dogo, na lilijengwa kwa fikra za wakati wake. Mwaka 1994 Beit al-Sahel ikafunguliwa kama Makumbusho ya Kasri, inayosimulia maisha ya masultani. Lililokosekana ni mahali pa kusimulia habari kubwa kuliko ukoo mmoja: pwani, bahari, kaskazi na kusi, biashara, watumwa na waliokuwa huru, mavazi, dawa, ngoma, chakula, ufundi. Kazi hiyo ndiyo iliyopewa Beit al-Ajaib mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Mji Mkongwe wenyewe ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia, mwaka 2000.

Aliyebahatika kuingia miaka ile hatausahau mtepe. Ndio chombo cha kale cha pwani yetu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na tanga lake ni la mkeka, la mraba. Mitepe ya mwisho iliacha kusafiri karne iliyopita, ikawa inajulikana kwa picha na kwa maneno ya wazee. Kisha kikajengwa kimoja kwa ufundi uleule wa kushona, kikawekwa katika ua wa ndani wa Beit al-Ajaib. Ulikuwa unaingia ukitoka juani, macho yakizoea kivuli unaona chombo kizima mbele yako, ndani ya nyumba. Ukipanda ghorofa ya kwanza unakitazama kutoka juu, unauona mshono wake wote kama unavyotazama kikoi kilichotandazwa.

Hilo lisingewezekana katika nyumba nyingine yoyote ya mji. Ua wa nyumba ya boriti usingeupokea mtepe. Chuma cha Barghash, kilicholetwa kwa meli kutoka Ulaya, ndicho kilichoupa nafasi mtepe usio na hata msumari mmoja wa chuma. Sijui makumbusho nyingine ambako jengo na kitu kilichomo vinazungumza namna ile: dunia ya kushona na dunia ya kusubu, zote mbili pwani moja, zikitazamana.

Kwa hiyo uamuzi wa kuliweka makumbusho mle naona ulikuwa sahihi. Nalisema waziwazi kwa sababu baada ya 2020 nimewasikia watu wakidai kwamba majengo ya namna hii yasiwekewe watu kabisa, yafungwe na kutazamwa kwa nje. Jengo lililofungwa hufa upesi kuliko lenye watu, kwa kuwa hakuna anayesikia tone la kwanza la mvua likianguka sakafuni.

Tatizo lilikuwa katika mambo mawili ambayo makumbusho na jumba hili haviafikiani, na ambayo yalihitaji mtu wa kuyasuluhisha kila siku.

La kwanza ni hewa. Jumba lilichorwa lipumue. Roshani zile hazikuwa pambo tu. Zilizuia jua lisiguse ukuta, zikauacha upepo wa bahari upite vyumbani hadi kwenye ua na kupanda juu. Makumbusho kwa upande wake hutaka madirisha yafungwe. Kanga hufifia kwenye mwanga, karatasi hupinda kwa unyevu, vitu vidogo huibiwa. Ukifunga madirisha ya nyumba ya namna hii umefunga mapafu yake, na unyevu unabaki ndani, unapanda darini, unatafuta mahali pa kukaa.

La pili ni mahali penyewe unyevu unapokwenda kukaa, na hapo turudi kwenye chuma.

Ufa usioonekana

Chuma kikiota kutu huvimba. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Mhimili uliofunikwa na zege, ukianza kuota kutu, huisukuma zege kwa ndani mpaka ipasuke. Ikishapasuka maji huingia kwa urahisi zaidi, na kutu huongeza kasi. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huharakisha yote haya. Beit al-Ajaib linatazamana na bahari kwa uso wake mpana kabisa, usiku na mchana.

Mawe yana shida zao, lakini ni za namna nyingine. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa, ilimradi umepakwa chokaa. Fundi akija na saruji, akapiga lipu ngumu juu yake ili "kuimarisha," maji yaliyomo hukosa njia ya kutoka. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kulisaga jiwe taratibu likawa unga. Kila mwashi wa Mji Mkongwe aliyelelewa na chokaa anajua hili bila kusoma popote. Ila katika jengo la mchanganyiko kama hili, ukuta unaolegea ndio huo huo unaoshika kichwa cha mhimili. Mhimili ukivimba, unausukuma ukuta. Ukuta ukimeng'enyeka, mhimili unakosa pa kukalia. Kila kimoja humharibia mwenzake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imeletwa mara nyingi kwenye kisa hiki, kwa lawama. Nadhani ilitungwa na watu wa mawe na chokaa, ambao nyufa zao huonekana. Katika nyumba ya chuma kilichofunikwa, kinachoonekana ni alama ndogo sana: mstari mwembamba wa rangi ya kutu kwenye dari nyeupe, lipu inayotoa sauti ya utupu ukiigonga, nguzo ambayo rangi yake imeinuka kama lengelenge. Mlinzi wa makumbusho huzipita alama hizi mara ishirini kwa siku. Aliyefundishwa kuzisoma atazisoma, na asiyefundishwa ataona uchakavu wa kawaida wa nyumba ya zamani.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka, na jumba likafungiwa wageni. Mwaka 2014 likaingizwa katika orodha ya dunia ya majengo yaliyo hatarini inayotolewa na World Monuments Fund. Baadaye Serikali ya Oman ikajitolea kugharimia ukarabati mkubwa. Kutoka 2012 hadi Desemba 2020 ni miaka minane, na mvua za masika minane juu ya jengo ambalo lilikwisha kusema kwa sauti kwamba limechoka.

Ninaposema haya simnyooshei kidole mtu. Fedha za ukarabati wa jengo kama hili haziokotwi, na michoro, vibali, mashauriano ya Urithi wa Dunia na mikataba huchukua miaka, tena kwa haki. Ninachokiona ni pengo kati ya kazi mbili. Iko kazi kubwa, yenye mkataba na sherehe, ambayo wafadhili huipenda kwa sababu mwisho wake kuna utepe wa kukata. Halafu iko kazi ndogo: kupanda juu ya paa kila kabla ya masika, kufungua mifereji, kukwangua kutu na kupaka rangi nguzo ishirini mwaka huu na ishirini mwaka ujao, kubadilisha lipu ya saruji kwa chokaa mahali padogo padogo. Kazi hii haina utepe, na makumbusho nyingi za nchi zetu hazina hata fungu lake kwenye bajeti. Zina fungu la kununua makabati ya vioo.

Na pengo hilo ndilo linaloifanya kazi kubwa iwe ya hatari inapokuja. Jengo lililokaa miaka mingi likiegemeana, sehemu dhaifu ikibebwa na jirani yake, limetengeneza mizani yake lenyewe. Ukuta ambao haukupangiwa kubeba kitu unabeba. Lipu inayoonekana pambo inashikilia. Fundi anayebomoa kipande kibovu ili akirekebishe anaweza kuwa anaondoa kitu cha mwisho kilichokuwa kikizuia. Ndiyo maana katika ukarabati wa majengo ya namna hii kuegemeza huja kabla ya kubomoa, na kupima mienendo ya kuta huja kabla ya kuegemeza. Wakati wa kukarabatiwa ndio wakati mgumu kuliko yote katika uhai wa jengo chakavu, kama mgonjwa aliyelazwa juu ya meza ya upasuaji akiwa amekwisha kudhoofu.

Je, lirudishwe lipi?

Kuna Beit al-Ajaib la 1883, bila mnara, lililosimama nyuma ya mnara wa taa. Kuna la 1897, lenye mnara wa saa usoni. Na sasa kuna la 2020, lenye pengo. Wapo wanaosema kwa hoja nzuri kwamba ujenzi mpya ungekuwa fursa ya kulirudishia jumba sura ya Barghash na kuuacha mnara, kwa kuwa mnara ni mzigo wa ziada na alama ya ushindi wa Waingereza.

Nimeipima hoja hiyo na siikubali. Mnara uliongezwa baada ya mizinga, ndiyo, lakini umeishi na watu wa mji huu miaka 123. Vizazi vyote vilivyo hai vinaufahamu. Waliokuwa wakiutazama asubuhi wakienda skuli hawakuwa wakitazama ushindi wa mtu. Kuuondoa leo ni kuifuta asubuhi ya 1896 kutoka kwenye uso wa jengo pekee linaloikumbuka. Urudi, lakini urudi mwepesi, na ubebwe na kiunzi chake chenyewe kinachoshuka mpaka kwenye msingi, usiegemee tena kuta za Barghash.

Kuhusu vifaa niko upande wa ukweli wa wazi. Kilichobaki cha 1883 kitunzwe kwa chokaa na kwa ufundi wake wa asili. Kilichoongezwa kionekane kuwa kimeongezwa kwa macho ya anayesogea karibu, hata kama kwa mbali kinafanana. Nguzo mpya zikipigwa mhuri wa mwaka wake hazitapunguza uzuri wa roshani. Mjukuu wetu atakayekuja na kujiuliza ipi ni ya zamani asidanganywe.

Kisha makumbusho. Lirudi, tena lirudi na mtepe au mwenzake wa mtepe, maana ua ule bila chombo ni ukumbi tu wa kupigia picha. Lakini lisirudi na shehena yote. Ghorofa za juu zipewe vitu vyepesi na nafasi ya upepo, na idadi ya watu wanaopanda kwa wakati mmoja ihesabiwe na mhandisi wala isiachiwe mkata tiketi. Vitu vinavyotaka chumba kikavu kilichofungwa, kama nguo za kale, karatasi na ngozi, vikae Beit al-Amani au katika jengo lililotengenezwa kwa ajili yao, vije kuonyeshwa kwa zamu. Hapo jumba litafungua madirisha yake bila kuogopa.

Na katika daftari la vitu vya makumbusho, lile ambalo kila chungu na kila kitara kina namba na maelezo ya hali yake, ningetaka namba za kwanza zipewe nyumba yenyewe: kila nguzo, kila mhimili, kila kipande cha mfereji wa paa, pamoja na picha yake ya mwaka huu na ya mwaka uliopita. Mhifadhi anayekagua kanga kwa nondo akague na nguzo kwa kutu, kwa ratiba ileile na saini ileile. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985 na ina waashi wanaoijua chokaa. Wanaohitajika sasa ni vijana wanaokijua chuma cha kusubu vilevile, wanaoweza kuigonga nguzo na kusikia. Ufundi huo hauna wenyewe hapa kwetu, kwa kuwa ni jengo moja tu lililouhitaji kwa kiasi hiki. Wafundishwe hapa hapa, kazi hii ikiendelea, wakilipwa kutoka fungu hilo hilo la ukarabati, ili mkandarasi akiondoka wao wabaki.

Vile vipande vilivyoanguka visitupwe vyote. Mlangoni pa Beit al-Ajaib kuna mizinga miwili ya shaba ya Wareno, na watoto wamekuwa wakiipanda na kuteleza juu yake miaka yote. Kando yake ningeweka mhimili mmoja wa 1883 uliopasuliwa na kutu, ulazwe chini kwa urefu wake wote, kutu ikiwa wazi, mahali ambapo mkono wa mtoto unaufikia, na karibu yake pawepo majina ya mafundi wawili wa tarehe 25 Desemba, kama jamaa zao wataridhia.